Nani Atatia Sahihi? Barua ya Wazi kwa Magavana wa Kitui na Makueni

Kwa Mheshimiwa Dkt. Julius Malombe, Gavana wa Kitui,
na Mheshimiwa Mutula Kilonzo Junior, Gavana wa Makueni.
Nakala: mabunge ya kaunti zote mbili.

Waheshimiwa,

Nimewaandikia nyote wawili barua moja kwa sababu vijana ninaowasemea hawaishi katika kaunti moja. Mtoto anazaliwa Kathonzweni, mahakama inampeleka makao ya watoto upande wa Kitui, sekondari anasomea Mwingi, na mwaka mmoja baada ya kidato cha nne utamkuta Emali, kando ya barabara ya Mombasa, akipakia magunia kwenye malori kwa malipo ya siku. Akibisha ofisi ya kaunti ya Makueni mjini Wote anaambiwa amelelewa Kitui, aende huko. Akibisha Kitui anaambiwa chifu wake yuko Makueni.

Mimi ni mkufunzi wa useremala. Nimewafundisha vijana wa Ukambani kupiga randa, kutoboa tundu na kuchonga ulimi wa kuungia mbao tangu enzi vyuo vyetu vikiitwa politekniki za vijiji. Karibu kila mwaka darasani huwa na wawili watatu waliolelewa makaoni, na sihitaji kuambiwa ni akina nani. Ni wale ambao muhula ukielekea ukingoni, wenzao wakihesabu siku za kurudi kwao, wananijia pembeni kuuliza kama karakana itafungwa. Na kama haitafungwa, je, wanaweza kulala humo wakilinda vifaa? Hulisema hilo kana kwamba ni mimi ninayefanyiwa hisani.

Nitaanza na sheria, maana mmoja wenu ni wakili, na mwingine ndiye aliyekuwa gavana wa Kitui mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, kipengele cha 9, inazikabidhi kaunti mambo manne kwa pumzi moja: elimu ya chekechea, politekniki za vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulea watoto. Mahali mtoto anapolelewa na mahali kijana anapojifunzia kazi pamewekwa mstari mmoja, chini ya mkono mmoja, na mkono huo ni wenu. Jibu la kawaida nalijua: kulinda watoto ni kazi ya serikali ya kitaifa, kuna idara yake ya huduma za watoto, kuna Baraza la Taifa la Huduma za Watoto, na maafisa wa watoto mshahara wao unatoka Nairobi. Sawa. Lakini kazi ya afisa wa watoto ni mtoto, na mtoto kwa sheria yetu ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Siku anayoitimiza, faili lake linafungwa. Siku hiyo hiyo ndiyo anakuwa mtu wa chuo cha ufundi, yaani mtu wenu. Kati ya faili kufungwa na karakana kufunguliwa, hana mwenyewe.

Watu hudhani shida yake kubwa ni pesa. Pesa imo, lakini kabla ya pesa kuna sahihi.

Mzazi yeyote anayesoma barua hii na ahesabu mara ambazo mwanawe, baada ya kumaliza shule, alimjia na karatasi akisema, weka sahihi hapa. Kitambulisho cha taifa kwanza: kinataka cheti cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mzazi, na chifu wa kuthibitisha kwamba huyu ni wa hapa. Kijana aliyeokotwa akiwa mchanga, au aliyepelekwa kituoni na polisi, njia anayo: barua ya afisa wa watoto, amri ya mahakama, maelezo ya kituo. Sheria haimzuii. Ila njia hiyo inataka mtu wa kuifuatilia, leo ofisi ya usajili, kesho kortini, keshokutwa kwa chifu ambaye hajawahi kumwona kijana huyo hata siku moja. Nani ataifuatilia, ikiwa kituo kimeshaaga na faili limeshafungwa? Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, hana PIN ya KRA, hana cheti cha tabia njema ambacho waajiri siku hizi wanakidai hata kwa mlinzi wa lango. Hazina ya mikopo ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022 haimjui. Ruzuku ya mradi wa vijana wa NYOTA ya Sh50,000, ambayo imekusudiwa vijana kuanzia miaka 18 hadi 29, inampita ilhali umri wake ndio huo hasa.

Anayefaulu kwenda chuo kikuu hukutana na maswali mengine. Bodi ya mikopo ya HELB inataka taarifa za wazazi, na kwa yatima inataka vyeti vya vifo. Mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unapima kipato cha kaya. Kaya gani? Na hapa niseme jambo ambalo wageni wengi wanaokuja kupiga picha makaoni hawalijui: wengi wa watoto hawa si mayatima kamili. Waliingia kituoni kwa sababu ya umaskini, ugonjwa, ukame, ugomvi wa nyumbani au mzazi kutoweka. Mama yuko hai mahali fulani, pengine Mlolongo, pengine Mombasa. Huwezi kupewa cheti cha kifo cha mtu ambaye hajafa, wala huwezi kupata nakala ya kitambulisho cha mtu asiyeonekana.

Halafu kuna basari zetu wenyewe. Kitui ina wadi 40, Makueni 30, na kila kamati ya basari kwa haki yake inataka mtoto wa wadi yake, mwenye mzazi anayejulikana na barua ya chifu anayejulikana. Wadi 70 kwa jumla, na kijana huyu hana hata moja. Makueni inasifiwa Kenya nzima kwa jinsi wananchi wanavyoshirikishwa kupanga matumizi ya fedha kuanzia kijijini, utaratibu uliojengwa enzi za Profesa Kivutha Kibwana. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini utaratibu unaoanzia kijijini humwacha nje mtu asiye na kijiji, na hakuna baraza ambalo mtu atasimama aseme, jamani, na wale wa makaoni je?

Tuseme amepita yote hayo, ana kitambulisho, ana cheti cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, cha daraja la tatu. Anatafuta kazi. Mafundi wetu wa jua kali hawaandikiani mikataba, wala hawasomi wasifu. Fundi wa Kalundu au wa Wote akiletewa kijana huuliza swali moja: huyu ni mtoto wa nani? Haulizi kwa ubaya. Msumeno wa umeme ukipotea anataka kujua mlango wa kwenda kugonga. Wenzake darasani waliingia karakanani kwa sababu mjomba alizungumza na fundi, au mama anauza mboga karibu na pale. Ufundi wa huku kwetu unarithishwa kwa kujuana, na hilo halitabadilika kwa waraka wa serikali.

Na akiamua kujitegemea? Seremala mdogo hana mtaji wa mbao. Mteja anaagiza kitanda, anatoa arubuni, na kwa arubuni hiyo fundi ananunua mbao, gundi, misumari na vanishi, kisha faida anaipata kitanda kikishachukuliwa. Biashara nzima imesimama juu ya imani ya mteja kwamba fundi huyu hatatoroka na pesa. Nani atampa arubuni kijana ambaye hakuna anayejua kwao? Ndiyo maana utamkuta mjengoni akibeba kokoto, huku mikono yake inajua kuunga droo.

Wafadhili wanapenda kugawa vifaa vya kazi, kwa sababu vinapigika picha vizuri. Randa, patasi, msumeno, nyundo, vyote vipya, na kijana ametabasamu. Mwezi wa tatu vimeuzwa, na watu wanasema vijana wa makaoni hawana shukrani. Nimewahi kuiona randa ya mwanafunzi wangu mezani kwa mchuuzi wa mitumba, na sikushangaa. Chumba cha kupanga kinataka kodi ya mwezi wa kwanza na nyingine ya kushikilia nyumba. Maji ni ya kununua kwa mitungi, na kiangazi bei inapanda. Mwenye nyumba hapokei patasi. Kumpa kijana vifaa bila paa la miezi michache ya kwanza ni kumkopesha mchuuzi wa mitumba.

Katika sherehe za kuwaaga, na nimealikwa nyingi, kijana hupewa godoro, ndoo, pengine Biblia, kisha mgeni wa heshima anasimama na kumkumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ukumbi unapiga makofi. Mimi hutazama chini. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye ndugu.

Sasa serikali ya kitaifa imechukua mwelekeo mpya, nami naunga mkono. Sheria ya Watoto ya 2022 na Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 vinataka watoto watoke vituoni warudi katika familia: zao wenyewe, za jamaa, au za kulea. Vituo vyenyewe vigeuke vitoe huduma nyingine. Kwa mtoto wa miaka mitano au minane ni habari njema, na tungefanya hivyo zamani. Ninachoogopa ni yule wa miaka 16 na 17. Kumtafutia familia mpya kumechelewa, kumwachilia peke yake ni mapema. Katika haraka ya kupunguza idadi ya watoto vituoni, huyu ndiye rahisi kuhesabiwa kama amerejeshwa, kwa kumpandisha matatu hadi kwa shangazi Tseikuru na kuandika katika kitabu kwamba kazi imekwisha.

Tuseme ukweli kuhusu huko anakorejeshwa. Kijana wa kiume anapotokea bomani kwa baba yake mdogo baada ya miaka 12, hakuna anayemwona kama mtoto aliyerudi. Wanamwona kama mdai wa shamba. Ardhi ya marehemu baba yake imeshagawanywa, imeshalimwa, pengine imeshauzwa nusu, na kuja kwake kunafungua kesi ambayo kila mtu alidhani imezikwa pamoja na marehemu. Kikamba chake kimechakaa kwa sababu kituoni kulizungumzwa Kiswahili na Kiingereza. Jina la ukoo wake analijua kwa kusimuliwa. Siku akitaka kuoa, mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga ndoa kimila, atawapeleka na nani? Mtu anaweza kuona hilo ni jambo dogo karibu na kazi na masomo. Si dogo. Kijana anayejua kuwa hakuna mzee atakayemsemea mahali popote huishi kama mpita njia, na mpita njia hapandi mti.

Kwa wasichana mambo ni mengine, na mara nyingi ni mabaya zaidi. Msichana jamaa wanampokea upesi, kwa sababu mikono ya kazi inahitajika, au kwa sababu kuna mtu ameshauliza habari zake. Asipokubali, njia iliyo wazi ni kazi ya nyumbani Nairobi, na siku hizi wakala wa kumpeleka Ghuba humfikia kabla ya ofisi yoyote ya kaunti.

Si kwamba hatuna pa kutazama. Huko Kwa Vonza, Kitui, kuna Kijiji cha Nyumbani, kilichofunguliwa 2006 juu ya ekari 1,000 zilizotolewa na Baraza la Kaunti la Kitui la wakati ule. Mwanzilishi wake, Padri Angelo D'Agostino, Mjesuiti na daktari, alikuwa ameanzisha makao ya Nyumbani jijini Nairobi mwaka 1992 kwa watoto waliokuwa na virusi vya Ukimwi, wakati wengi waliogopa hata kuwagusa. Alifariki Novemba 2006, kijiji kikiwa bado kichanga. Wazo lake lilikuwa rahisi na la hapa kwetu: Ukimwi ulikuwa umeondoa kizazi cha katikati, wakabaki wazee bila watoto wa kuwasaidia na watoto bila wazazi. Basi shosho mmoja akapewa nyumba na watoto wapatao kumi, wengine wajukuu wake wa damu, wengine si wa damu. Wanalima, wanafuga, wanapanda mikau, ule mti wetu wa nchi kavu ambao mbao yake mchwa wanaikwepa na ambao kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI hapa Kitui kimeufanyia kazi kwa miaka. Shule ziko ndani, na chuo cha ufundi pia.

Sisemi pale hapana kasoro. Shosho naye anazeeka, na kijiji kinachoishi kwa sehemu kubwa kwa msaada wa nje hakiwezi kuwa mfano wa kunakiliwa kila tarafa. Ninachokiona pale ni kwamba kijana anayeondoka ana mtu wa kumtembelea Krismasi. Akiulizwa kwao ni wapi, ana jibu ambalo chifu analijua. Na ninaona jambo jingine, ambalo nawaomba mlitazame kwa makini: baraza la zamani, lenye mapato ambayo leo yangewachekesha mawaziri wenu wa fedha, lilipoombwa ardhi lilitoa. Halikusema watoto ni kazi ya Nairobi.

Ninachoomba ni kaunti iwe mdhamini. Kijana aliyelelewa kituoni kwa amri ya mahakama, ndani ya Kitui au Makueni, akifikisha 18 na hadi atimize miaka 25, awe na barua ya kaunti inayosema: huyu ni wetu, akihitaji sahihi, njooni kwetu. Barua hiyo aende nayo ofisi ya usajili, kamati ya basari, kwa mwenye nyumba, kwa fundi wa Kalundu. Kodi ya miezi ya kwanza idhaminiwe, na kifaa kikipotea karakanani fundi ajue mlango wa kugonga. Nyuma ya barua kuwe na mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Uingereza walipitisha sheria mwaka 2000 inayompa kila kijana anayetoka kwenye malezi ya serikali mshauri wake binafsi, na mwaka 2017 wakaongeza muda wa huduma hiyo hadi miaka 25. Huko nako wanalalamika kwamba mshauri mmoja ana vijana wengi mno. Fedha zao hatuna, lakini mtu mmoja katika kila kaunti, anayejua vijana hawa kwa majina, hagharimu zaidi ya mafuta ya gari moja la msafara.

Mtu huyo aanze na karatasi kabla kijana hajafikisha 17, si wiki ya kuagwa: cheti cha kuzaliwa kipatikane, jina liandikwe sawasawa katika nyaraka zote (mnajua wenyewe jinsi herufi moja ya jina la Kikamba inavyoweza kumzuia mtu mwaka mzima), na chifu wa mahali kituo kilipo akubali kwa maandishi kwamba huyu ni mkazi wake.

Kuhusu vyuo vya ufundi, msiniambie kuhusu majengo mapya. Nionyesheni bweni moja Kitui na moja Makueni ambalo halifungwi Aprili, Agosti na Desemba. Bweni moja tu, lenye mlinzi na jiko. Nimewapoteza wanafunzi wengi kwa likizo kuliko kwa karo. Kijana anaondoka Novemba akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, anatafuta pa kulala, anapata kibarua Mtito Andei, Januari harudi.

Atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, nayo iko mikononi mwenu. Kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, kilichoanza 2018, kilionyesha wakati wa korona mwaka 2020, kiliposhona barakoa, kwamba kaunti inaweza kuwaweka vijana kwenye mashine na kazi ikatoka. Kiwanda cha matunda cha Kalamba, Makueni, kinahitaji watu wa mitambo, umeme na vipimo vya usafi, na si wakati wa maembe peke yake. Kila mwaka kaunti zenu zinajenga madarasa, zahanati na vioski vya maji, na kila zabuni ina milango na madirisha ya kutengenezwa. Tangu 2013 sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana wa makaoni hataipata kwa kuwa hana kampuni wala wa kumwonyesha njia. Lakini mnaweza kumwandikia mkandarasi katika mkataba kwamba atachukua wanagenzi wawili kutoka orodha ya vijana hawa, awalipe, na awasindikize hadi mtihani wa NITA wa daraja linalofuata. Kalamu ya kuandika hivyo mnayo leo.

Na tafadhali msiwasukume wote karakanani. Nasema hivyo nikiwa seremala ninayeipenda kazi yangu. Makao mengi yamezoea kwamba msichana ni cherehani au saluni, mvulana ni randa au uchomeleaji, bila kumuuliza mtu. Msichana aliyepata C+ katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, amefikia kiwango cha kuingia chuo kikuu, na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko hapo hapo Kwa Vonza. Akikosa nafasi kwa sababu ya fomu ya HELB isiyo na jina la baba, hapo tumemwangusha sisi.

Najua litakaloulizwa bungeni. Mheshimiwa Spika, vijana wa wadi yangu wana wazazi na bado hawana kazi, kwa nini hawa wapendelewe? Swali ni la haki, na ukame hauchagui. Jibu langu ni kwamba hawa hawakufika makaoni kwa kupotea njia. Hakimu aliketi, akasoma ripoti ya afisa wa watoto, akatia sahihi amri ya kumweka mtoto chini ya uangalizi wa kituo. Serikali ndiyo iliyosema: mzazi wake kwa sasa hawezi, sisi tutashika nafasi yake. Mtu aliyeshika nafasi ya mzazi hawezi kuiachia saa sita usiku wa siku ya kuzaliwa. Kijana mwenye mzazi maskini anastahili msaada pia, lakini mzazi wake maskini bado anaweza kutia sahihi, na bado ana kitanda cha mwanawe likizo ya Agosti. Tena hawa ni wachache ukilinganisha na vijana wote wa kaunti hizi mbili, ambazo sensa ya 2019 ilizihesabia zaidi ya watu milioni mbili kwa pamoja. Wachache kiasi cha kujulikana mmoja mmoja.

Tusisubiri sera mpya. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kabla ya Septemba 1, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mstari mmoja katika kila hati unatosha kuanzia. Mipango yenu ya miaka mitano inaishia 2027, na ile itakayofuata itaandikwa na watu ambao mnawaajiri sasa. Suala la nani ni wa kaunti ipi lizungumzwe katika jumuiya yenu ya kiuchumi ya SEKEB, mkiwa na Machakos mezani, maana na wao wana watoto wetu kama sisi tulivyo na wao. Zaidi ya hayo, KCSE ya mwisho itafanywa 2027, na mwaka 2028 wataanza kutoka wale wa mtaala mpya, ambao wamefuata mikondo mipya ya masomo na watahitaji maelekezo ambayo hata wazazi wenye shahada wanayatafuta. Waliowahi kupita njia hii wapo: kuna KESCA, jumuiya ya Wakenya waliolelewa vituoni, na wanaweza kuwaambia ni ofisi gani hasa zinazowarudisha watu nyumbani wasikokuwa nako. Waiteni kabla ya kumwita mshauri wa kukodiwa.

Majina ya walio kidato cha nne mwaka huu wakiwa makaoni yanaweza kukusanywa kwa siku moja ya kupiga simu. Kila kituo kinawajua, na maafisa wa watoto wanavijua vituo. Naomba simu hizo zipigwe kabla ya mtihani wa Novemba, kila jina liandikwe pamoja na kinachokosekana: cheti, kitambulisho, pa kulala Desemba, anachotaka kusomea. Kwa upande wa useremala, nikiletewa orodha nitaanza na wanne, na bweni likikosekana mwaka wa kwanza karakana haitafungwa.

Wenu katika utumishi,
Mkufunzi wa useremala, Kitui